Kujenga upya FreeBSD kutoka kwenye msimbo chanzo bila makosa ya utegemezi: mwongozo kamili

Makosa ya utegemezi, yaani programu kukosa kitu inachokitegemea, ndiyo yanayowakatisha tamaa wengi wanaojaribu kujenga upya FreeBSD, mfumo endeshi huria wa jamii ya Unix, kutoka kwenye msimbo chanzo. Amri inakimbia kwa saa kadhaa, ghafla skrini inajaa mistari ya `Error code 1`, na jambo la kwanza mtu analofanya ni kutafuta kifurushi gani kimekosekana.

Kwenye FreeBSD, swali hilo karibu kila mara linakupeleka pabaya. Mfumo wa msingi unabeba mahitaji yake ndani ya msimbo wake wenyewe: kompaila ya clang (inayogeuza msimbo kuwa programu), kiunganishi (linker), maktaba ya C, OpenSSL, hadi zana ndogo ndogo za kusaidia ujenzi. Kabla ya kujenga mfumo, ujenzi huanza kwa kujitengenezea zana. Kwa hiyo unapokutana na kosa, uliza mambo mawili: nimechanganya nini na nini, na nimeruka hatua gani? Mwongozo huu umepangwa juu ya maswali hayo.

Mfano ninaoutumia ni mashine ya amd64 inayokwenda toleo la 14.3. Ukilenga toleo jingine, badilisha namba tu. Tahadhari moja: kama mfumo wako wa msingi umesakinishwa kwa vifurushi, jambo ambalo kisakinishi kinaliruhusu kuanzia 15.0, usiufuate mwongozo huu. Angalia kwa `pkg info | grep FreeBSD-runtime`. Amri hiyo ikirudisha jibu, mfumo wako unasimamiwa na `pkg`, na kusakinisha juu yake kwa `make` kutaleta vurugu.

## Vinavyohitajika

Nafasi ya diski. Tenga angalau GB 30 zilizo wazi. Msimbo unakaa `/usr/src`, na kila kinachozalishwa wakati wa ujenzi kinakaa `/usr/obj`. Folda hiyo ya pili ndiyo inayovimba.

RAM. Piga hesabu ya GB 2 kwa kila kazi sambamba utakayoruhusu. Mashine ya GB 4 iendeshe kazi 2, hata kama ina core 8. Sehemu nzito ni LLVM, mradi unaobeba kompaila ya clang, na hapo ndipo mashine ndogo zinapoelemewa.

Vifurushi viwili. Git haimo kwenye mfumo wa msingi, kwa hiyo isakinishe. Ongeza tmux, ili ujenzi usikatike muunganisho wa SSH ukidondoka:

```
pkg install git tmux
```

Konsoli. Kama ni seva ya kukodi, hakikisha mapema kwamba unaweza kuifikia konsoli yake kupitia ukurasa wa mtoa huduma. Kiini (kernel, moyo wa mfumo) kipya kikigoma kuwaka, SSH haitakusaidia.

Saa sahihi. Usilipuuze hili. `make` huamua cha kujenga kwa kulinganisha muda wa mafaili. Saa ikiwa nyuma au mbele, maamuzi yote yanapotoka, na makosa yatakayotokea hayatataja saa hata kidogo. Endesha `date`. Kama haiko sawa, simamisha huduma ya ntpd kisha endesha `ntpd -gq`.

Umeme wa kuaminika kwa hatua za usakinishaji. Umeme ukikatika wakati wa kujenga, unapoteza muda tu. Ukikatika katikati ya `installworld`, amri ya kusakinisha programu za mfumo, unabaki na mfumo nusu mpya, nusu wa zamani.

Kazi zote zifanye ukiwa root.

## Hatua ya 1: Jua ulipo

```
freebsd-version -kru
```

Utapata mistari mitatu kwa mpangilio huu: kiini kilichosakinishwa, kiini kinachoendesha mashine sasa hivi, na programu za mfumo. Yote mitatu inapaswa kukubaliana. Tofauti ya kiraka kama `-p1` na `-p2` ni ya kawaida, kwa kuwa si kila kiraka cha usalama kinagusa kiini. Lakini ukiona 14.1 kwenye mstari mmoja na 14.2 kwenye mwingine, kuna kazi ya zamani iliyoachwa katikati. Imalize kwanza.

Usiruke matoleo makubwa. Aliye 12 aende 13 kwanza, aitulize, ndipo aende 14. Msimbo wa 14 unatarajia kujengwa na mfumo ulio jirani nao. Ukiuanzisha juu ya mfumo wa mbali mno, utafeli kwenye zana za mwanzo kabisa.

## Hatua ya 2: Chukua msimbo ulio sahihi

Matawi yako ya aina tatu. `main` ni la maendeleo, linabadilika kila siku. `stable/14` hupokea maboresho yaliyokwisha kujaribiwa. `releng/14.3` hupokea viraka vya usalama na marekebisho muhimu pekee. Kwa mashine ya kazi, chukua `releng`. Sehemu kubwa ya malalamiko kwamba msimbo haujengeki hutoka kwa watu waliovuta `main` bila kujua.

Kwanza hakikisha folda ni tupu:

```
ls -A /usr/src
```

Ikiwa ina kitu, ihamishe yote au ifute. Kumwaga msimbo wa toleo jipya juu ya wa zamani huacha mafaili yaliyokwisha kufutwa kwenye toleo jipya, nayo huja kugombana na mapya.

```
git clone --depth 1 -b releng/14.3 https://git.FreeBSD.org/src.git /usr/src
```

Chaguo la `--depth 1` linaacha historia yote ya mabadiliko na kukuletea hali ya sasa tu. Kwa anayelipia bando, tofauti ni kubwa.

Ikiwa intaneti yako inakatika katika, `git clone` itakutesa, kwa sababu ikikatika inaanza upya. Tumia faili lililobanwa badala yake, kwani `fetch -r` huendelea pale ilipoishia:

```
fetch -r https://download.freebsd.org/releases/amd64/14.3-RELEASE/src.txz
fetch https://download.freebsd.org/releases/amd64/14.3-RELEASE/MANIFEST
sha256 src.txz
grep src.txz MANIFEST
tar -C / -xf src.txz
```

Linganisha namba ndefu ya `sha256` na ile iliyomo kwenye MANIFEST kabla ya kufungua. Fahamu pia kwamba faili hilo ni msimbo wa siku ya kutolewa kwa toleo. Viraka vya usalama vilivyokuja baadaye havimo, kwa hiyo git inabaki kuwa njia bora kwa mashine inayoonekana mtandaoni.

Dalili ya mafanikio:

```
grep -E '^(REVISION|BRANCH)=' /usr/src/sys/conf/newvers.sh
```

Uone `REVISION="14.3"` na BRANCH inayoanza na RELEASE. Ukiona CURRENT au STABLE wakati hukukusudia, rudi nyuma.

Kisha fungua `/usr/src/UPDATING` na usome maingizo yote yaliyoandikwa tangu toleo lako la sasa. Faili hilo linaandikwa na wale wale wanaobadilisha msimbo, na mabadiliko yanayohitaji hatua ya ziada kutoka kwako hutajwa humo.

## Hatua ya 3: Safisha mazingira ya ujenzi

Mafaili mawili hubadilisha tabia ya ujenzi kimya kimya: `/etc/make.conf` na `/etc/src.conf`. Ukiwa umenakili mipangilio ya mtu mwingine miaka iliyopita, ndiyo hii inayokuumiza leo.

```
mv /etc/make.conf /etc/make.conf.kando
mv /etc/src.conf /etc/src.conf.kando
```

Kama faili halipo, amri italalamika tu, endelea. Jenga kwanza bila mipangilio yoyote. Ukifanikiwa, rudisha mstari mmoja mmoja. Ushauri huu unaonekana wa polepole, lakini kila anayefanya kinyume chake huishia kuufuata baadaye akiwa amechoka.

Machaguo ya `WITHOUT_` yana utegemezi wao wa ndani. Chukua `WITHOUT_OPENSSL`. Mtu anaiweka ili kupunguza ukubwa wa mfumo, na hapo hapo ameondoa OpenSSH, kwa sababu OpenSSH haijengeki bila OpenSSL. Mwisho wa safari `make delete-old` itamwambia kwamba sshd (huduma ya SSH) ni faili la zamani, naye akikubali lifutwe, seva yake ya mbali haina mlango tena. `WITHOUT_TOOLCHAIN` nayo inaondoa kompaila, na safari ijayo hutakuwa na cha kujengea. Kabla ya kujenga na chaguo lolote, angalia kitakachotokea hasa:

```
cd /usr/src
make showconfig
```

Halafu futa mabaki ya ujenzi uliopita. Baadhi ya mafaili humo huwa yamefungwa kwa alama ya ulinzi, ndiyo maana `rm` peke yake hukataa:

```
chflags -R noschg /usr/obj/*
rm -rf /usr/obj/*
```

Mabaki haya ndiyo chanzo kikubwa cha makosa yanayofanana na utegemezi. Faili la kitu (object file) lililojengwa kwa vichwa (header files) vya 14.1 linaunganishwa na maktaba ya 14.3, kiunganishi kinalalamika kwamba jina fulani halijafafanuliwa, na mtu anaanza kusaka maktaba isiyokosekana popote.

## Hatua ya 4: Jenga programu za mfumo

```
tmux
cd /usr/src
script /var/tmp/world.log make -j4 buildworld
```

`script` inaandika kila kitu kwenye faili huku ukiendelea kuona skrini. Usijenge bila logi. `-j4` ni kazi nne sambamba. Badala ya 4, weka idadi inayolingana na RAM yako.

Mistari hii itakuonyesha ulipofika:

```
>>> stage 1.1: legacy release compatibility shims
>>> stage 1.2: bootstrap tools
>>> stage 3: cross tools
>>> stage 4.1: building includes
>>> stage 4.2: building libraries
>>> stage 4.3: building everything
```

Mpangilio huu una maana. Zana za mwanzo hujengwa na kompaila uliyo nayo sasa. Kisha hutayarishwa kompaila na kiunganishi kwa ajili ya mfumo mpya. Baada ya hapo ndipo vichwa, maktaba na programu zinajengwa kwa zana hizo, bila kugusa maktaba za mfumo unaoendesha mashine. Ndiyo maana kuongeza vifurushi kwa `pkg` hakuponyi kosa la `buildworld`: ujenzi hauviangalii.

Dalili ya mafanikio: mstari wa `>>> World build completed on` ukifuatiwa na tarehe. Ukirudishiwa alama ya amri bila mstari huo, ujenzi haukukamilika hata kama mwisho wa skrini unaonekana mtulivu.

### Ukikwama hapa: soma logi ipasavyo

Kosa unaloliona mwishoni mwa skrini si kosa lenyewe. Kazi nne zinapokimbia pamoja, moja ikifeli, tatu huendelea kidogo na kumwaga maandishi yao, kisha kila ngazi ya `make` inatangaza kwamba imesimama. Mistari ya `stopped in /usr/src` ni mwangwi tu. Tafuta kosa la kwanza:

```
grep -n -E 'error:|\*\*\* \[' /var/tmp/world.log | head
```

Chukua namba ya mstari wa juu kabisa, fungua logi hapo, na usome mistari ishirini iliyotangulia. Ikiwa bado kumevurugika, endesha tena bila `-j` na bila kufuta kilichokwisha kujengwa:

```
script /var/tmp/world2.log make -DWITHOUT_CLEAN buildworld
```

Sasa kazi ni moja, na kosa litakuwa mwishoni kweli.

Haya ndiyo yanayojitokeza zaidi:

Kompaila inauawa. Logi inaonyesha `c++` imesimama kwa `Killed`, na `dmesg` inasema mchakato umeuawa kwa `failed to reclaim memory`. RAM imekwisha. Punguza `-j` au ongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM). Hakuna kilichokosekana kwenye msimbo.

Kosa linalohama. Ukiendesha mara ya kwanza inafeli kwenye faili moja, mara ya pili kwenye faili jingine kabisa. Msimbo mbovu hufeli mahali pamoja kila mara. Kosa linalotangatanga ni la vifaa: RAM mbovu, joto, au diski inayokufa.

Jina lisilofafanuliwa. `undefined symbol` kwenye maktaba ya mfumo ni mabaki ya `/usr/obj` au msimbo uliochanganyika. Futa `/usr/obj`, kisha kagua msimbo kwa `git -C /usr/src status`. Inapaswa kuonyesha kwamba hakuna faili lililobadilishwa.

## Hatua ya 5: Jenga kiini

```
script /var/tmp/kernel.log make -j4 buildkernel KERNCONF=GENERIC
```

Lazima `buildworld` itangulie. Kiini kinajengwa na kompaila iliyotayarishwa kule, kwa hiyo ukigeuza mpangilio unakijenga kwa kompaila ya zamani, nayo yaweza isielewe maelekezo mapya.

Ningeshauri ubaki na GENERIC mpaka umalize mzunguko mzima salama. Ukitaka kiini chako mwenyewe, usinakili GENERIC na kuanza kufuta mistari. Tengeneza faili dogo kwenye `/usr/src/sys/amd64/conf/`, mfano `KIPANGA`:

```
include GENERIC
ident   KIPANGA
nodevice fdc
```

Hapo GENERIC ikibadilika kwenye toleo jipya, mabadiliko yanakufikia bila wewe kuhangaika.

Kwenye kiini utegemezi upo kweli, na umeandikwa. Fungua GENERIC usome maelezo yaliyo pembeni ya kila kifaa. Juu ya orodha ya kadi za mtandao utaona onyo kwamba `miibus` lazima ibaki ili kadi hizo zifanye kazi. Pembeni ya `umass`, kinachosoma flashi za USB, kumeandikwa kwamba kinahitaji `scbus` na `da`. Ukiondoa `scbus` kwa kudhani huna diski za SCSI, umezigusa pia flashi zako.

### Moduli kutoka ports: hapa ndipo wengi huangukia

Kama unatumia viendeshi vya skrini vya `drm-kmod` au moduli (vipande vinavyoongezwa kwenye kiini) za VirtualBox, hizo hazimo kwenye `/usr/src`. Zilijengwa kwa ajili ya kiini cha zamani. Kiini kipya kikiwaka, kitazikataa:

```
KLD drm.ko: depends on kernel - not available or version mismatch
```

Hili ni kosa la utegemezi halisi, na tiba yake ni kuzijenga pamoja na kiini. Ukiwa na ports (mkusanyo wa maelekezo ya kujenga programu za nje ya mfumo wa msingi) kwenye `/usr/ports`, andika kwenye `/etc/make.conf`:

```
PORTS_MODULES=graphics/drm-61-kmod
```

Sasa `buildkernel` itaijenga na `installkernel` itaisakinisha. Kama huna ports, zima moduli hiyo kwa muda kwenye `kld_list` ndani ya `/etc/rc.conf` ili mashine iwake na skrini ya maandishi, kisha ushughulike nayo baadaye.

Dalili ya mafanikio: `>>> Kernel build for GENERIC completed on`, na tarehe.

## Hatua ya 6: Weka njia ya kurudi, kisha sakinisha kiini

Mpaka hapa hakuna kilichoguswa kwenye mfumo unaoendesha mashine. Kuanzia sasa kitaguswa. Diski yako inatumia mfumo wa mafaili wa ZFS au UFS. Kwa walio na ZFS:

```
bectl create kabla-14.3
bectl list
```

Kukiharibika, utachagua `kabla-14.3` kwenye menyu ya kuwashia na kurudi ulikotoka. Kwa walio na UFS, nakili kiini kinachofanya kazi, na uwe na chelezo ya `/etc` mahali nje ya mashine:

```
cp -Rp /boot/kernel /boot/kernel.nzuri
```

Kuna `/boot/kernel.old` inayotengenezwa yenyewe, ila hubadilika kadiri unavyosakinisha. Ukisakinisha viini viwili vibovu kwa kufuatana, unaweza kubaki bila kizima.

```
cd /usr/src
make installkernel KERNCONF=GENERIC
shutdown -r now
```

Kuwasha upya hapa si hiari. Programu mpya zinaweza kuomba huduma ambazo kiini cha zamani hakizijui. Anayeruka hatua hii na kwenda moja kwa moja `installworld` anakutana na `Bad system call` kwenye amri za kawaida kama `ls`, na wakati huo hata `make` inaweza kuwa imekufa. Kinyume chake ni salama: kiini kipya kinaelewa programu za zamani. Ndiyo sababu kiini kinatangulia.

Dalili ya mafanikio: mashine imewaka, na `uname -r` inaonyesha 14.3. Ikigoma, kwenye menyu ya kuwashia badilisha chaguo la Kernel hadi lisome `kernel.old`, kisha washa.

## Hatua ya 7: Sakinisha programu za mfumo

Ukiwa karibu na mashine au kwenye konsoli, washa kwa hali ya mtumiaji mmoja kwa kubonyeza `s` kwenye menyu. Huduma zote zinakuwa zimezimwa, hakuna faili linalobadilishwa huku likitumika.

Kwenye UFS:

```
mount -u /
mount -a -t ufs
swapon -a
```

Kwenye ZFS:

```
mount -u /
zfs mount -a
swapon -a
```

Kama mashine pia ina Windows na saa ya vifaa imewekwa kwa saa za hapa, ongeza `adjkerntz -i`. Bila hiyo, kwa sisi wa UTC+3, saa inasomeka mbele kwa saa 3, na mafaili yote utakayosakinisha yatakuwa na muda wa baadaye. Angalia `date` tena kabla ya kuendelea.

Seva ya mbali bila konsoli? Simamisha huduma unazoweza, acha sshd, na ufanye hatua hizi katika hali ya kawaida. Kwa kuhama ndani ya toleo kubwa lile lile, kama 14.2 kwenda 14.3, hilo hufanyika bila tabu. Kwa kuvuka toleo kubwa, tafuta konsoli.

```
cd /usr/src
etcupdate -p
make installworld
etcupdate -B
```

`etcupdate -p` huongeza watumiaji na vikundi ambavyo programu mpya zinavihitaji. Ukiiruka na toleo jipya limeleta mtumiaji wa mfumo asiyekuwepo kwako, `installworld` itasimama na ujumbe wa aina hii:

```
ERROR: Required ntpd user is missing, see /usr/src/UPDATING.
```

Wengi huanza kuunda mtumiaji huyo kwa mkono na kumpa namba isiyo yake. Usifanye hivyo. Endesha `etcupdate -p`, kisha rudia.

Makosa mengine matatu ya hapa:

Ukiona `cc: not found` au `touch: not found`, shuku saa kwanza. `installworld` hunakili zana chache tu mahali pa muda, kwa kuwa kazi yake ni kunakili mafaili. Saa ikiwa imerudi nyuma, `make` inadhani kuna kitu hakijajengwa, inajaribu kukompaili, na kompaila haimo kwenye zana zile. Raspberry Pi na ndugu zake zisizo na betri ya saa hukumbwa sana na hili baada ya kuzimwa.

Ukiona `Permission denied` kwenye zana zilizo `/tmp`, huenda `/tmp` imewekwa `noexec`. Ondoa kwa muda: `mount -u -o exec /tmp`, au kwenye ZFS, `zfs set exec=on` kwa hifadhi husika.

Ukiona `Operation not permitted` ilhali wewe ni root, angalia `sysctl kern.securelevel`. Ikiwa juu ya 0, alama za ulinzi haziondoleki. Zima mpangilio huo kwenye `/etc/rc.conf` na uwashe upya.

Baada ya `etcupdate -B`, endesha `etcupdate status`. Mafaili yenye herufi `C` yana mgongano kati ya mabadiliko yako na ya toleo jipya. Tatua kwa:

```
etcupdate resolve
```

Kwa kila faili utaulizwa la kufanya: `e` kuhariri, `r` kuthibitisha kwamba umemaliza. Kwenye `master.passwd` na `group`, kamwe usichague `tf`, linalochukua faili la toleo jipya zima zima. Utafuta watumiaji wako wote na nywila zao.

## Hatua ya 8: Kipakiaji cha kuwashia

Kwenye mashine za UEFI (mfumo wa kisasa wa kuwashia kompyuta), `installworld` inaweka `loader.efi` mpya ndani ya `/boot`, lakini nakala inayotumika kuwashia iko kwenye kizigeu kingine, na hiyo haiguswi.

```
mount | grep efi
cp /boot/efi/efi/freebsd/loader.efi /boot/efi/efi/freebsd/loader-old.efi
cp /boot/loader.efi /boot/efi/efi/freebsd/loader.efi
```

Kama kuna `/boot/efi/efi/boot/bootx64.efi` ya FreeBSD, fanya vivyo hivyo. Na usiendeshe `zpool upgrade` kabla ya hatua hii. Kipakiaji cha zamani kikikutana na hifadhi yenye sifa mpya za ZFS, kinaweza kushindwa kuisoma, na hapo `kabla-14.3` yako nayo haifikiki.

Washa upya.

## Hatua ya 9: Vifurushi, kisha usafi

Ukiwa umebaki ndani ya 14, vifurushi vyako vinaendelea kama kawaida. Ukiwa umetoka 13, mambo ni tofauti. FreeBSD 13 ilikuwa na OpenSSL 1.1.1, na 14 ina OpenSSL 3. Majina ya maktaba yamebadilika, kutoka `libssl.so.111` hadi `libssl.so.30`. Programu zilizosakinishwa zamani bado zinaitafuta ile ya kwanza. Kwa sasa ipo, kwa sababu hujafuta chochote. Ukikimbilia kufuta, utaona hivi:

```
ld-elf.so.1: Shared object "libssl.so.111" not found, required by "pkg"
```

Ona kwamba aliyekwama ni `pkg` mwenyewe, yaani zana ambayo ingekuokoa. Basi fuata mpangilio huu:

```
pkg-static install -f pkg
pkg upgrade -f
pkg shlib -R libssl.so.111
```

`pkg-static` haitegemei maktaba za nje, kwa hiyo inafanya kazi hata hapo. `upgrade -f` inapakua upya kila kifurushi, andaa bando. Amri ya tatu inaorodhesha vifurushi ambavyo bado vinaitaka maktaba ya zamani. Orodha ikiwa tupu, endelea. Programu ulizozikompaili mwenyewe nje ya `pkg` hazitaonekana kwenye orodha hiyo, zikague moja moja kwa `ldd`.

Sasa futa:

```
cd /usr/src
make check-old
make delete-old
make delete-old-libs
```

`check-old` inaonyesha tu, isome yote. Ukiona jina la kitu unachokitumia, simama, kwani huenda kuna chaguo la `WITHOUT_` ulilolisahau. `delete-old` huuliza faili kwa faili. Ukiridhika na orodha, ongeza `BATCH_DELETE_OLD_FILES=yes` ili usijibu kila swali.

Usiache kufuta kwa kuogopa. Vichwa vya zamani vikibaki kwenye `/usr/include`, programu utakazokompaili baadaye zitavisoma na kudhani mfumo una uwezo ambao hauna tena.

## Ukaguzi wa mwisho

```
freebsd-version -kru
etcupdate status
dmesg | grep -i -E 'mismatch|not available'
```

Mistari mitatu ya kwanza isome 14.3 yote. Amri ya pili isirudishe mgongano wowote, na ya tatu isitaje moduli yako yoyote.

Acha `kabla-14.3` kwa wiki moja au mbili za kazi halisi kabla ya kuifuta kwa `bectl destroy kabla-14.3`. Usifute `/usr/src`. Kiraka cha usalama kikija, utafanya `git -C /usr/src pull --ff-only` na kuanza tena kutoka kusoma UPDATING. Ili mizunguko hiyo iwe mifupi, weka `WITH_META_MODE=yes` kwenye `/etc/src-env.conf` na upakie `kldload filemon` kabla ya kujenga. Hapo `make` itafuatilia kwa hakika kila faili lililosomwa wakati wa ujenzi, na safari ijayo itajenga kilichobadilika pekee. Na ukishaisakinisha mashine hii kutoka msimbo, usirudi kuisasisha kwa `freebsd-update`, kwani itaandika juu ya kiini ulichojijengea.